Beseni la Editha

Khalfani Mwinshehe wa Yombo Vituka, fundi wa matangi ya kioo na mfugaji wa samaki wa mapambo, alikuwa mtu mwema katika mambo mengi. Alisali kwa wakati, hakupunja kipimo, na kioo alichokiunganisha yeye hakikuvuja. Lakini mtu huweza kuwa mzima wa viungo vyote akawa na kidonda kimoja mahali nguo inapofunika, na kidonda cha Khalfani kilikuwa kutoweza kukitazama kitu kizuri mkononi mwa rafiki yake bila kifua kumbana. Wanazuoni waliotangulia, walipoyapanga maradhi ya moyo, walitenga mawili yanayofanana kwa sura: ghibta, ambayo ni kutamani kupata mfano wa alichonacho mwenzio naye akabaki nacho, na husuda, ambayo ni kutamani kimtoke, hata kama wewe hutakipata. Khalfani aliusoma mgawanyo huo madrasani angali mdogo, na kwa miaka mingi alijiweka katika kundi la kwanza. Habari hii ni ya msimu aliohamia kundi la pili, na sababu yake ilikuwa mmea usiozidi urefu wa kidole.

Rafiki mwenyewe aliitwa Kasimiri Ngonyani, mchonga vinyago wa Mwenge, mzaliwa wa Songea. Kazi ndiyo iliyowakutanisha. Tangi la samaki halipendezi bila kisiki ndani yake, na miti mingi ukiitia majini huelea, hata uifunge jiwe. Mpingo hauelei. Ni mzito kuliko maji, huzama wenyewe ukatulia chini kana kwamba umeota hapo. Basi Khalfani akawa akienda Mwenge kununua mabaki ya mpingo yasiyofaa kinyago, na Kasimiri akawa akiyakata na kuyasugua kwa umbo la mizizi na majabali, hadi wateja wakawa hawamtaji mmoja bila mwingine.

Tena walikuwa watani. Khalfani ni Mzaramo na Kasimiri ni Mngoni, na baina ya makabila hayo upo utani uliorithiwa kwa mababu waliopigana wakachoka, wakaona afadhali kutukanana. Mtani akiingia kwako akakuvua kofia akaivaa, huna la kusema ila kucheka. Akimkamata kuku uani, hukimbilii rungu. Ila utani una adabu zake, na wazee walizishika kama wanavyoshika nguzo za kitu kingine chochote kizito: mtani huchukua wenyewe wakiona, huchukua kidogo na kubakiza kingi, na siku hiyo hiyo hujitangaza kwamba ni yeye.

Mama yake Khalfani, Bi Somoe, aliupenda utani huo kupita watu wote wa nyumba ile. Miguu ilikwisha kumwishia nguvu, na siku nyingi alikaa kitandani akisikiliza redio. Kasimiri alipobisha hodi, redio ilizimwa. Baada ya shikamoo na marahaba, Bi Somoe humuuliza safari hii amekula panya wangapi njiani; naye Kasimiri humjibu kwamba Wangoni wasingekula panya lau Wazaramo wasingeuza viwanja vyote wakacheza ngoma na kuwaacha wageni bila mahali pa kufugia kuku. Bi Somoe hucheka mpaka akashika ubavu. Khalfani, aliyemlisha, kumwogesha na kumgeuza kila siku, alisikia kicheko hicho akiwa uani na silikoni ya kugandishia vioo mkononi, na hakukumbuka lini yeye alimchekesha vile.

Sasa, ule mmea. Mwaka mmoja masika yalipokwisha, Kasimiri na mkewe Editha walikwenda kutazama shamba la jamaa yao mbele ya Gongo la Mboto. Kando ya majaruba ya mpunga palikuwa na dimbwi tulivu, lisilo na mkondo wala upepo, na juu ya maji yake palitanda kitu cha kijani kibichi kama zulia lililofumwa kwa nyuzi. Kasimiri alipita. Editha, ambaye ni msusi mwenye saluni yake Sinza na jicho lake limezoea vitu vyembamba, aliinama akachota kwa kiganja. Hakukuwa na mzizi, wala jani, wala shina. Palikuwa na tepe nyembamba za kijani, kila mmoja ukigawanyika mbili kama panda ya manati, na kila tawi likigawanyika tena. Wanabotania huuita mmea huo Riccia fluitans, nao huuweka katika ukoo wa kale sana wa mimea isiyotoa maua wala mbegu, jirani wa kuvumwani, kijani kile kiotacho kwenye mawe yenye unyevu. Wafugaji wa samaki waliokuja kuuona baadaye waliuita kijani cha mapovu, na sababu itaonekana.

Editha aliutia katika beseni pana la kufulia, akaweka tope kidogo chini na maji ya mvua aliyokinga kwenye mfereji wa bati, akaliweka uani nyuma ya saluni, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukaongezeka. Ulipojaa beseni, alitwaa kipande cha mpingo kutoka kwa mumewe, akakifunika kwa tabaka ya kijani kile, akakizungushia uzi mweusi wa kusukia kama anavyozungushia nywele, mzunguko kwa mzunguko, akakizamisha katika tangi la mteja wao. Siku chache baadaye uzi haukuonekana tena. Kisiki kilikuwa kimevaa manyoya ya kijani, na taa ilipowashwa juu yake, kila ncha ya kila utepe ilitoa kipovu cha hewa, kikang'aa kama lulu, kikapanda juu. Samaki wadogo aina ya gapi, ambao kwa kawaida mama zao huwala mara wanapozaliwa, walijificha humo wakapona. Editha alijifunza pia kuupunguza kwa mkasi kila ulipokuwa mnene, kwani tabaka ya chini ikikosa mwanga huoza na kuachia uzi.

Habari ikaenea. Watu waliokuwa wakishuka Yombo kumtafuta Khalfani walianza kupanda Sinza kumtafuta mke wa Kasimiri. Tangi walinunua bado kwake, lakini waliliulizia kwa haraka, macho yao yakiwa kwingine, kama mtu anunuaye fremu kwa ajili ya picha. Editha hakuwa mchoyo. Alimpa Khalfani konzi nzima ya kijani kile, na kilipomfia akampa nyingine, nayo ikafa. Kisima cha Yombo ni cha chumvi, na birika la zege la Khalfani lilikaa juani kutwa. Angeuliza angeambiwa. Hakuuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa fundi, na Editha msusi.

Kilichomvunja kabisa ni chupa. Kasimiri alikuja siku moja na chupa ya mdomo mpana, ndani yake kipande cha mpingo kisichozidi kidole gumba, kimefungwa kijani cha mapovu. Aliiweka dirishani karibu na kitanda cha Bi Somoe. Jua la asubuhi likapiga, vipovu vikaanza kupanda, na mzee yule akakaa akivitazama bila kuwasha redio. Rukaiya, mke wa Khalfani, ndiye aliyekabidhiwa kuiongezea maji ya mvua. Jioni Khalfani alipoingia na uji, mama yake alimwonyesha chupa kwa kidevu.

"Mngoni kaniletea bustani," akasema. "Wewe fundi, miaka yote hii umeniletea nini?"

Alitania. Khalfani alijua kwamba alitania. Akaweka uji, akatoka.

Siku ile Kasimiri na Editha walipokwenda Mbinga kwenye harusi ya mdogo wake Editha, Khalfani alikwenda Sinza akiwa na ndoo. Alijiambia njia nzima kwamba anakwenda kufanya utani. Lango la uani lilikuwa wazi. Jesca, msichana anayesuka pamoja na Editha, alikuwa akianika taulo. Khalfani aliinama juu ya beseni, akaanza kukomba. Alikomba kwa mikono miwili, akakomba pembeni, akainamisha beseni ili mabaki yateremkie upande mmoja, akayakomba nayo.

"Mzee, mwenyewe unambakizia nini?" Jesca aliuliza.

"Mie mtani wao. Mtani haulizwi."

Jesca alicheka, kwa kuwa ndivyo inavyopasa mtu acheke akisikia neno hilo, akaendelea na taulo zake. Beseni likabaki na maji machafu na tope.

Nyumbani aliumimina wote katika birika lake la zege. Kabla juma halijakwisha, kijani kile kilikuwa kimegeuka rangi ya mchicha uliochemka kupita kiasi, kikazama, kikaanza kunuka. Khalfani alikizoa kwa chujio akakifukia nyuma ya migomba. Na hapo, akiwa na jembe mkononi, aliona jambo ndani yake lililomtisha: hakuhuzunika. Mmea umekufa kwake, lakini beseni la Sinza nalo ni tupu, na kifua chake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hakikumbana. Aliirudia hali hiyo katika sijida za usiku ule na hakupata jina lake isipokuwa lile lililokuwamo katika somo la utotoni.

Akangoja Kasimiri arudi amtukane. Kasimiri alirudi, akapiga simu, akaeleza harusi ilivyokuwa na jinsi barabara ilivyoharibika, akaulizia hali ya mama. Beseni hakulitaja. Jesca bila shaka alikwisha kusema. Khalfani alingoja simu ya pili, na ya tatu, na kila mara rafiki yake alizungumza kwa uchangamfu ule ule. Basi akaanza kuuonea wivu hata utulivu huo. Angetamani Kasimiri akasirike, awe mdogo kidogo, ili wao wawili wakae kimo kimoja.

Ndipo Bi Somoe alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifariki alfajiri, uso wake ukielekea dirishani, na kabla ya adhuhuri uwanja wa Yombo ulikuwa umejaa watu.

Mtoto aliyefiwa humlilia mama yake. Khalfani alilia, lakini katikati ya kilio chake palikuwa na hofu nyingine, nayo aliionea haya. Msiba wa Mzaramo hauendi bila watani. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuzuia jeneza mlangoni, kumwigiza marehemu, na kusema mbele ya ukoo mzima aibu ambayo hakuna mwingine angethubutu kuisema. Na anayesemwa hana haki ya kununa. Wapo mashehe wasiopendezwa na mila hiyo, na sababu zao ni nzito. Imamu wa mtaa, aliyekuwapo siku ile, alichagua kuyatazama makubadhi yake. Khalfani alitazama lango. Kama Kasimiri alikuwa ameweka neno moyoni muda wote huo, hapa ndipo mahali pa kulitoa, na baada ya hapo hapatakuwa na mtu Yombo asiyejua fundi Khalfani ni mtu wa namna gani.

Kasimiri alifika pamoja na Editha. Editha alijifunga kanga akaenda kwa wanawake. Kasimiri akaingia ndani kumuaga marehemu, akakaa huko kwa muda, akatoka macho yamemwiva.

Jeneza lilipoinuliwa, Kasimiri hakuonekana. Wabebaji wakafika kizingitini, wakamkuta amekaa chini akiziba mlango, kanga ya Bi Somoe kichwani, mkongojo wake magotini.

"Siendi kokote," akasema, na sauti ilikuwa ya marehemu kabisa, hata wanawake ndani wakapiga yowe, kisha wakacheka huku wakilia. "Nyumba hii ina mwizi. Nitaondokaje na sijui nani kaiba?"

Mjomba wa Khalfani, mzee Ismail, aliyekuwa mbele ya wabebaji, akaupokea mchezo kama ilivyo desturi. "Bibi, unatusingizia. Wazaramo hatuibi, sie tunauza viwanja tu."

"Na viwanja vikiisha mnaiba majani ya watu Sinza. Kaenda mchana kweupe na ndoo. Kakomba beseni zima, hata ya dawa hakubakiza. Ningekuwa na miguu ningemfuata nimchape. Asimame aseme mwenyewe, au hapa mtanizika mimi na mlango."

Watu wakaangua kicheko. Nani aibe majani? Kila mmoja alidhani ni uzushi wa watani, na mwenye kutafuta mwizi alitafuta kwa kicheko, akimsukuma jirani yake asimame. Khalfani alikuwa amelishika jeneza upande wa kichwa. Njia ya kupona ilikuwa wazi mbele yake: acheke na wengine, atoe neno la mzaha, mtani aridhike, msafara upite. Hakuna ambaye angejua. Alifumbua mdomo ili acheke, na macho yake yakakutana na macho ya Kasimiri chini ya kanga ya mama yake. Hayakuwa yakicheka.

"Ni mie," akasema Khalfani. "Niliiba."

Kicheko kikazidi, kwa kuwa walidhani amejibu vizuri. Kasimiri aliinuka, akasogea kando, akaubana ule mkongojo kwapani.

"Haya, mpitisheni mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwanawe kaniambia kweli."

Baada ya mazishi, watu waliponawa mikono, wawili hao walibaki penye pipa la maji. Khalfani alianza kuomba radhi, akitafuta maneno, na Kasimiri akamkatiza kwa mkono.

"Yangu yamekwisha pale mlangoni. Mie hata ungeng'oa mlango wangu ningecheka, ndivyo tulivyokuta. Lakini lile beseni si langu."

Khalfani hakuelewa.

"Ni la Editha," akasema Kasimiri. "Kaliokota yeye, kalilea yeye. Na Editha ni Mmatengo. Wewe na Wamatengo mna utani gani?"

Hawakuwa nao. Si Khalfani, si baba yake, wala babu yake aliyepata kusikia utani wa Wazaramo na Wamatengo. Kwa miaka yote alimtania Editha kwa kuwa ni mke wa mtani, na Editha aliitikia kwa adabu ya shemeji, naye akadhani haki imeenea nyumba nzima kama moshi. Haikuenea. Kile alichokifunika kwa jina la utani, kwa sheria za utani wenyewe, kilikuwa wizi mtupu, na aliyeibiwa alikuwa amekaa kwa wanawake siku ile akisikiliza uwanja mzima ukichekea mali yake.

Tanga lilipoanuliwa, Khalfani aliichukua ile chupa kutoka dirishani. Rukaiya alimwuliza anaipeleka wapi, akasema anairudisha. Mkewe akaitwaa, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akamrudishia. Ndicho kitu cha mwisho mama yake alichokitazama, na ndicho kijani pekee, kwa kadiri Khalfani alivyojua, kilichosalia nje ya matangi ya wateja katika kile kilichotoka dimbwini.

Saluni ya Editha ilikuwa na wanawake watatu wakingoja na mmoja kitini. Editha alimwona mlangoni na chupa yake, akamwonyesha benchi.

"Karibu, shemeji. Kaa, namalizia."

Hakukaa. Alisema mbele yao wote kwamba amekuja kwa ajili ya beseni, kwamba aliiba, na kwamba haukuwa utani. Vidole vya Editha viliendelea kusuka.

"Kasimiri alicheka siku tuliyolikuta tupu," akasema Editha. "Mie sikucheka. Na msibani sikucheka." Akavuta uzi, akaukaza. "Nilikupa mara mbili kwa mkono wangu. Ungeniomba ya tatu, ningekunyima?"

"Usingeninyima."

"Basi ukaiba kwa nini?"

Khalfani aliitazama chupa. Jibu la heshima lilikuwapo, kwamba alitaka kumfurahisha mama, na lingeaminiwa. "Sikutaka niwe nao," akasema. "Nilitaka wewe usiwe nao."

Jesca aliacha kuchana. Mmoja wa wateja alijishughulisha na simu yake. Editha alimaliza msuko, akaufunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," akasema. "Njoo uani."

Beseni lilikuwa pale pale. Maji yalikwisha kukauka, na mvua za vuli zilizoanza zimelowesha tope tu. Juu ya tope hilo, Khalfani aliona, palikuwa na vidoa vya kijani vilivyolala bapa, kila kimoja kikijifungua kutoka katikati kama ua lililokanyagwa. Editha alieleza kwamba ni ule ule. Ukiwa majini huwa mrefu na kuelea. Maji yakikauka nao haukubali kufa, hujibana kwenye tope, hunenepa, hungoja. Vipande vilivyoponyoka vidole vya Khalfani vilikuwa vimengoja.

Basi chupa haikuhitajika. Khalfani alisimama nayo, akijua kwamba ametoa kitu kikubwa kwa mtu asiyekosa kitu, na kile kidonda cha zamani kikamchoma: hata katika kulipa, huyu mwanamke alimtangulia. Hakukificha wala hakukisema. Alibaki akitazama vile vidoa, akisoma kimoyomoyo dua aliyofundishwa na mama yake ya kujikinga na jicho, na kwa mara ya kwanza aliisoma kwa ajili ya kitu cha mwingine kukikinga na jicho lake mwenyewe.

Editha aliitwaa chupa, akakitoa kipande cha mpingo, akaufungua uzi. Aligawa kile kijani mafungu mawili kwa vidole, moja akalitandaza juu ya tope, jingine akalirudisha juu ya kisiki na kumnyooshea Khalfani mwisho wa uzi.

"Zungusha mwenyewe. Usikaze, utaukata. Na yale maji ya kisima chako cha chumvi acha, kinga maji ya bati."

Alizungusha. Vidole vyake vilivyozoea kioo vilikuwa vizito, na alilazimika kuanza upya. Alipomaliza alilinganisha kwa pembe ya jicho fungu lake na lile lililobaki katika beseni, akaona kwamba la Editha ni kubwa zaidi, akaendelea kulitazama mpaka akaweza kusema, "Lako litajaa mwanzo."

"Litajaa," alijibu Editha. "Nipishe, nina mteja."